Jumapili Tuliyokwenda Kumwamkia Malkia

Mimi sikuwa na haja ya kuona jumba la mfalme yeyote. Haja yangu ilikuwa simu.

Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mume wangu mpaka leo, wageni wakija, huisimulia siku ile kama fadhila. "Niliwapeleka kutalii," husema, na wageni hunigeukia wakitabasamu, wakingoja niongeze utamu. Mimi huinuka nikaenda kutia maji ya chai jikoni. Sasa nitaisimulia mwenyewe.

Tulikuwa tumeshamaliza baridi moja Tooting, Uingereza. Unguja tulitoka kwa mambo ambayo kila mtu anayajua, tukakaa Dar es Salaam, nikaolewa huko, nikazaa huko, halafu paspoti za Kiingereza zikatuleta huku kama zilivyowaleta wa Nairobi, wa Kisumu na wa Kampala. Magazeti ya hapa yanatuita Waasia. Mimi Asia sijaiona. Babu wa babu yangu alitoka Kachi, huko Uhindini, akiwa kijana, na toka hapo Kiswahili kimekuwa lugha yetu ya ndani. Hata tukigombana, tunagombana kwa Kiswahili.

Tulipanga chini katika nyumba ya watu. Mwenye nyumba alikuwa ameuziba ukumbi kwa mbao ili wapangaji wa juu wawe na njia yao, kwa hivyo njia yetu ya kutokea ilipita chumba cha mbele, na chumba cha mbele kilikuwa cha mama mkwe wangu. Sisi na mtoto tulilala cha nyuma. Nikitaka kutoka, hata kwenda kutupa taka, ilikuwa lazima nipite kitandani kwake. Hakuwahi kunikataza, wallahi. Aliuliza tu, "Wapi?" Neno moja. Nami nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto, nimemaliza Form Four na cheti ninacho, nikasimama na ndoo ya taka mkononi nikajieleza.

Kazi niliipata sokoni. Mwanamke mmoja alinisikia nikimpigia kelele muuza samaki kwa Kiingereza, halafu nikijisemea kwa Kiswahili kwamba samaki huyu kafa zamani kuliko babu yangu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mumewe, mtu wa Tanga, alikuwa na afisi Balham, akiagiza chai na viungo na kuvisambaza madukani, na alikuwa akitafuta mtu wa kupiga taipu. Nilikwenda siku niliyompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Bwana yule alinisomea barua, nami nikaipiga bila kutazama vidole, mtoto kakaa mapajani anavuta karatasi. Akaisoma. Akasema:

"Kazi ni yako, mama. Lakini mimi sitaki ugomvi na wakubwa wa watu. Zungumza kwenu kwanza. Jumapili nitakuwa hapa afisini mpaka saa kumi alasiri. Nipigie uniambie. Usipopiga, nitajua haikuwezekana, na Jumatatu namchukua mwingine."

Nilimwambia mume wangu usiku ule ule. Alikuwa anavua viatu.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini atakayekaa na mtoto ni Mama. Basi mwulize Mama."

Mume wangu si mtu mbaya. Ni mlango unaosukumwa na kila anayepita.

Basi nikawa namvizia mama mkwe. Ijumaa nilipofungua mdomo akasema kichwa kinamgonga. Jumamosi nilipompelekea chai, kabla sijakaa akasema, "Leo unanitazama kama mtu anayetaka kitu," akajifunika blanketi. Na kibanda cha simu cha mtaa wetu kiko mkabala na dirisha lake. Siwezi kunyanyua simu pale asijue.

Ndipo mume wangu aliporudi na habari ya jumba. Mwenzake wa kiwandani alimwambia kuna jumba kubwa la wafalme wa zamani kando ya Mto Thames, watu huenda Jumapili na watoto wao, kuna bustani na majani. Mimi nikafikiri jambo moja tu: mahali penye watu wengi namna hiyo hapakosi kibanda cha simu. Nitazungumza na Mama njiani, moyo wake ukiwa mkunjufu, halafu nitapiga simu nje ya geti. Nikasema, "Twende."

Mama mkwe akajifunua blanketi. Halafu akauliza, "Jumba la mfalme hasa?"

"La mfalme hasa, Mama," mwanawe akamjibu.

"Basi tutakwenda kuamkia," akasema, na macho yake yakapata mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu tushuke kwenye ndege.

Asubuhi ya Jumapili niliamka nikakuta nyumba nzima inanuka udi. Alikuwa amefukiza nguo zake. Alikuwa ametoa kwenye sanduku gauni la hariri la Idi, la kijani, na mtandio wenye tarizi, na juu yake akavaa koti la sufu la mwanawe kwa sababu lake halikuwa la heshima. Na jikoni, toka alfajiri, alikuwa amekaanga visheti, akavitia kwenye bati la biskuti na kulifunga kwa kitambaa cheupe.

"Hivi vya nani, Mama?"

"Vya watu wa nyumba. Utakwenda nyumba ya watu mikono mitupu? Wewe mama yako hakukufunza?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwao Unguja, alipokuwa msichana, siku ya Idi mama yake alimchukua wakaenda na wanawake wengine jumbani kuwaamkia mabibi wa Sultani. Walikaa juu ya mazulia, wakapewa sharubati, wakamwagiwa marashi, wakaulizwa hali za nyumbani, wakarudi. Kwake yeye hiyo ndiyo maana ya kwenda jumba la mfalme. Unakwenda kuona watu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna watu duniani wanaokwenda kutazama nyumba.

Mimi na mume wangu tukatazamana. "Mwambie," nikasema. "Mwambie wewe," akasema. Hakuna aliyemwambia. Tukatoka.

Ndani ya basi alipakata bati lake kama mtoto na kunieleza namna ya kukaa mbele ya wakubwa, miguu usiinyooshe, ukipewa kikombe usimalize. Nilijaribu kuingiza neno langu. Nikasema, "Mama, kuna jambo nataka tuzungumze." Akasema, "Tukirudi. Sasa usinichafulie nia."

Getini palikuwa na kibanda cha simu. Kilikuwa chekundu, karibu na mti, na hakikuwa na mtu. Lakini sikuwa na jibu la kumpa yule bwana, nikasema nitaingia, nitampata Mama mahali patulivu, nitatoka. Saa kubwa ya uani ilikuwa bado haijafika saa nane na nusu.

Mwanamke wa tiketi alituuliza kama sisi ni watalii. Mume wangu akasema ndiyo, kwa fahari. Mimi nikakereka. Kwetu watalii ni wale Wazungu wenye kaptula waliokuwa wakituuliza njia ya Forodhani. Mtalii ni mtu aliyeacha nyumba yake imefungwa na ufunguo uko mfukoni. Sisi ufunguo wa mlango ulikuwa mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa mama mkwe. Watalii gani?

Kigari cha mtoto hakikuruhusiwa ndani. Mume wangu akapata sababu aliyokuwa akiitafuta: "Nendeni nyinyi. Mimi nitakaa na mtoto kwenye majani nivute sigara." Akatuachia ngazi.

Nitasema kweli kuhusu lile jumba: lilinitia dhiki. Watu walikuwa wakiinua vichwa kutazama dari, wakisema "ah" na "oh", nami nikaona vyumba vimefungamana. Hakuna ukumbi wa pembeni. Chumba kinaingia chumba, kinaingia chumba, milango yote imepangwa mstari mmoja. Mlinzi mmoja, mzee wa Kizungu mwenye sharubu nyeupe na kofia yenye nembo, alikuwa akiwaeleza watu: chumba cha kwanza kilikuwa cha walinzi, cha pili cha kungojea, cha tatu cha wageni, na hivyo hivyo mpaka cha mwisho, cha kulala malkia. Akasema kadiri ulivyokuwa mkubwa ndivyo ulivyoruhusiwa kuingia ndani zaidi. Watu wakapendezwa. Mimi nikawaza upande wa pili: malkia mwenyewe akitaka kutoka? Akitaka kwenda kupunga upepo tu, apite vyumba vyote hivi, na katika kila kimoja kuna mtu amekaa. Na kila mmoja bila shaka anamwuliza, "Wapi?"

Mama mkwe naye alikuwa na yake. Katika kila chumba alisimama mlangoni, akatengeneza mtandio, akatafuta kwa macho.

"Hapa hawapo," akasema.

Chumba cha pili: "Hapa pia hawapo."

Cha tatu akanivuta mkono wa koti. "Kwani wametoka? Wameambiwa tunakuja?"

"Mama," nikasema, "hapa hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Na yule?" Akamwonyesha mlinzi. "Yule bawabu. Bawabu anangoja nini kama ndani hakuna mtu? Hebu mwambie. Nisemee. Mwambie tumekuja kumwamkia bibi wa nyumba, na tumekuja na kitu kidogo."

Lazima nieleze neno hili, maana ndilo lililonimaliza. *Nisemee.* Kwa daktari, nisemee. Dukani, nisemee. Mtu wa gesi kagonga, njoo unisemee. Mwaka mzima mdomo wangu ulikuwa wake.

Nikamwambia yule mlinzi. Nilisema kama alivyosema, sikupunguza. Mzee yule hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Akasema, "Hapa hajakaa mtu kwa zaidi ya miaka mia mbili, madam."

Nikamfasiria.

"Miaka mia mbili!" Akalitazama bati lake. Halafu akanitazama mimi. "Nyumba haina mwenyewe, na mlangoni wanatoza? Wanatoza ya nini?"

"Ya kutazama, Mama."

"Kutazama nini?"

"Vitu. Vitanda. Mapazia."

"Vitanda vya watu!" akasema kwa sauti, hata Wazungu wakageuka. "Tumetoka kwetu tumejifukiza kuja kuchungulia vitanda vya watu! Lo! Aibu gani hii umenitia?"

Nikamwambia mlinzi tunataka kutoka. Akasema pole, Jumapili njia ni moja kwa sababu ya wingi wa watu, hairuhusiwi kurudi nyuma. Lazima mpite vyumba vyote mpaka mwisho, ngazi za kushukia ziko huko. Dirishani niliona ile saa ya uani. Saa tisa ilikuwa imekwishapita. Nikamshika Mama mkono nikawa nakwenda mbio, namburura, mazulia na picha na meza vinapita, naye anasema, "Taratibu, taratibu, mimi si kigari."

Chumba cha kulala malkia kilikuwa na kamba nyekundu mbele ya kitanda. Mlinzi wa sharubu alikuwa ametufuata, nadhani alituonea huruma, au aliogopa visheti. Akataka kutufurahisha. Akasema, mwambie mama yako kwamba malkia mmoja wa zamani alijifungua mtoto katika jumba hili hili, mtoto wa kiume, furaha kubwa, na baada ya siku chache malkia akafa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilizoea, maneno yakatoka yenyewe.

Mama mkwe akasimama. "Alikuwa ndani ya arubaini?"

"Ndiyo, Mama. Hata wiki mbili hazikufika."

"Nani alikuwa naye? Mama yake alikuwapo? Nani alimkanda?"

"Sijui, Mama. Twende."

"Mwulize."

Nikamwuliza mlinzi mwenye sharubu kama malkia alikandwa maji ya moto. Mungu ndiye shahidi wangu. Akasema hana habari.

Basi yule mwanamke, aliyekuwa amekasirika kwa kuletwa kuchungulia vitanda, akavua viatu. Akaviweka vizuri kando ya zulia kama mtu aliyefika hitima. Akainua ile kamba kwa mkono mmoja, akapita chini yake, akakaa sakafuni karibu na kile kitanda, na bati lake mapajani.

"Madam, madam," mlinzi akasema.

"Mama, toka! Hairuhusiwi! Na wala huyo malkia si Mwislamu."

"Kwani kuzaa kuna dini?" akasema. "Niache nikae naye kidogo. Masikini, kwenye lijumba lote hili, hata wa kumkanda hana."

Mlinzi akanitazama, nikamtazama. Akatoa saa yake ya mfukoni, akageukia dirisha, akawa kama hatuoni. Watu wakapita nyuma yetu. Nami nikaona: ndipo hapa. Mahali patulivu nilipokuwa napatafuta ndipo hapa, na hakutakuwa na pengine. Nikachutama upande wangu wa kamba.

"Mama. Nimepata kazi. Kazi ya afisi, ya kupiga taipu, kwa mtu wa kwetu, Balham, karibu. Lazima nijibu leo kabla ya saa kumi. Wewe ukikubali kukaa na mtoto, basi. Mwanao amesema hana neno."

Hakushtuka. Alijua. Sijui alijuaje, lakini alijua toka Ijumaa ya kichwa.

"Mtoto si taabu," akasema. "Mtoto nitakaa naye. Nimelea sita."

Nikashusha pumzi.

"Lakini wewe ukenda," akasema, bado anakitazama kitanda, "mimi nani atanisemea?"

"Kwa nini usemewe? Utakuwa ndani."

"Ndani! Mlango unagongwa. Mtoto akapata homa? Nitatoka naye nimwambie nani? Nitasimama njiani nilie? Kule kwetu nikitoa kichwa dirishani, mtaa mzima unanijua mimi mke wa nani. Hapa nikifa saa tatu, wewe utakuja kuniona jioni."

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Wenzangu hunambia ningemhurumia. Nilimhurumia, ndiyo, na huruma ile ndiyo iliyoniwasha moto. Mtu mkali unaweza kumpiga vita. Mtu mwoga utampigaje? Mwaka mzima nilidhani nimefungwa na bibi mkubwa mwenye ufunguo shingoni, kumbe nimefungwa na woga wake, na woga hauna tundu la kutilia ufunguo.

"Kwa hivyo hapana?" nikasema.

"Sikusema hapana. Nitafikiri."

"Hakuna wakati wa kufikiri!"

"Basi usiniulize juu ya kitanda cha maiti." Akasimama, akavaa viatu, akamwachia mlinzi visheti vinne kwenye leso. Yule mzee akavipokea kwa mikono miwili.

Njia iliyobaki siikumbuki. Nakumbuka ngazi, na bustani, na mume wangu kalala chali kwenye majani na mtoto kamkalia kifuani. Sikusimama kwao. Nilikuwa nimeamua. Nitapiga, nitasema ndiyo, na yatakayokuja yatakuja nikiwa na kazi. Ile saa ilibakisha dakika chache. Nikakaza mwendo kuelekea getini, na nyuma yangu nikasikia viatu vyake, tap tap tap, na sauti, "Wapi?"

"Kupiga simu."

"Ningoje."

Nikaingia kibandani. Akaingia. Kibanda kile kimejengwa kwa mtu mmoja, na sisi tulikuwa wawili na bati na koti la mwanamume. Harufu ya udi ikajaa mpaka vioo vikafanya ukungu. Sikumtoa nje. Nilisema moyoni, haidhuru, nitasema Kiingereza tu, hatafahamu neno.

Nikapiga. Ikaita. Ikanyanyuliwa. Nikatia sarafu nikasema kwa Kiingereza changu cha skuli, "Good afternoon, sir, I am ringing about the position."

Na yule bwana, sauti yake kubwa kama ya mwadhini, akajibu kwa Kiswahili.

"Aa, mama! Nilikuwa nishike koti langu niondoke! Hujambo? Mtoto hajambo? Haya, nambie, wakubwa wameridhia?"

Nilimwona mama mkwe akigeuka. Sauti ya Kiswahili, Kiswahili cha mrima, kitamu, inatoka ndani ya simu ya Waingereza. Macho yakamtoka.

"Nani huyo? Mtu wetu? Nipe!"

Hakungoja nimpe. Aliichukua.

"Asalaam aleikum! Ndiyo, mimi mama mkwe wake. Marahaba, baba, marahaba. Wewe mtoto wa nani? Wa wapi?... Tanga! Tanga barabara ya ngapi?... Ala! Ile nyumba ya kona, yenye duka la mafuta ya taa? Wewe mtoto wa yule bibi mweupe, mwenye mwanya? Lo, lo, lo! Mama yako kasoma chuo kimoja na dada yangu! Alikuja Unguja harusini kwetu, akalala chumbani kwangu!"

Alikuwa analia. Alikuwa anacheka na analia. Sijapata kumwona vile. Akafuta kioo kwa kiganja bila sababu. Simu ikaanza kulia pi pi pi, pesa imekwisha, akanigeukia kama mtu anayezama: "Tia nyingine! Tia, tia!"

Nikatia. Ilikuwa ndiyo ya mwisho niliyokuwa nayo. Niliitia kwa furaha, ndiyo ujinga wangu, kwa sababu nilijisemea: basi, kumbe ni jamaa, kumbe mama yake kalala chumbani, sasa atakataa vipi?

Akasikiliza. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya heshima, ya barazani.

"Ndiyo, baba. Hodari. Hodari sana, hilo kweli... Ndiyo, kaniambia... Lakini wewe ni mwanangu, utafahamu. Ana mtoto mdogo. Na mimi mtu mzima, niko peke yangu. Na mumewe, alhamdulillahi, anafanya kazi. Hatujafika hadi hiyo... Eee. Eee, baba. Ungekuwa mtu baki ningeona haya kukwambia, lakini wewe ni wetu... Ahsante. Mungu akuweke. Msalimie mkeo. Inshallah, Jumapili ijayo tutakuja. Inshallah."

Akanirudishia simu. Nikaitia sikioni. Ilikuwa inavuma tu.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

Akanipangusa shavu kwa ncha ya mtandio, mimi nilikuwa sijui kama nalia. "Nimekusemea," akasema.

Akatoka kibandani kwenda kumwambia mwanawe kwamba ameona jamaa. Mimi nikabaki, nikaushika mlango kwa ndani. Alikuja Mzungu mmoja akagonga kioo kwa sarafu yake. Nikamwacha agonge. Nilitaka kuitupa ile simu, nilitaka kuuma kitu. Mwisho nikatoka kwa sababu mtoto alikuwa anataka kunyonya.

Katika basi la kurudi mume wangu alipanda juu kuvuta sigara, na tiketi angekata yeye. Sisi tulikaa chini, mtoto kalala mapajani kwangu. Mama mkwe alizungumza toka tulipokaa. Mwenye mwanya. Harusi. Biriani ya harusi. Kondakta akaja, mtu mweusi wa visiwa vya Karibi, akauliza mnakwenda wapi. Mama mkwe akanitazama mimi, kama siku zote.

Nikageuza uso dirishani.

Kondakta akauliza tena. Nilimsikia akipumua pembeni yangu. Akanigusa kwa kiwiko. Nikatazama nyumba za Wazungu zinavyopita, mlango, dirisha, mlango, dirisha. Nikaona haya, lakini sikugeuka.

"Tooting," akasema mama mkwe. Halafu, wazi kabisa, kila neno mahali pake: "My son. Up. He pay."

"Right you are, mother," kondakta akasema, akapanda ngazi.

Mwaka mzima. Mwaka mzima!

Tangu siku ile simsemei. Mtu wa gesi akigonga, nakaa chumbani kwangu nasikiliza. Kwa daktari huenda mwenyewe na hurudi na dawa. Sokoni anagombana bei na yule muuza samaki, na muuza samaki humwita darling. Mume wangu anasema nina roho mbaya, na jamaa wa Balham, ambao sasa tunakula kwao kila mwezi, husema mama wa watu amechangamka sana. Aliyepata kazi yangu ni msichana wa Nakuru. Nimeona barua alizopiga, ziko mezani kwao. Makosa matupu.

Mtoto sasa ana miaka mitatu, naye akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na bibi yake anamfahamu. Juzi nikapita chumba cha mbele, nikasimama mbele ya kitanda, nikamwambia kuna kazi nyingine, ya hospitali, ya kupiga taipu asubuhi tu. Nikamwambia sababu ile ya zamani haipo tena, sasa anajisemea kuliko mimi.

Aliendelea kukunja nguo za mtoto. Alizipanga, akazipapasa juu. Halafu akanijibu kwa Kiingereza.

"We will see," akasema.